Karatasi ya Majina Kumi na Moja

Marereni
4 Februari 2024

Kwa muuza vitabu wangu Nyaboke,

Natumai hujambo wewe na kibanda chako cha vitabu. Mimi ni mzima, mgongo tu unaniuma, na hiyo si habari.

Habari ni hii: kitabu nimekimaliza! Miezi mitatu, kurasa mia na arubaini, na kila neno nimelitamka kwa mdomo wangu huu, maana kusoma kimya kimya bado sijui. Mwalimu wetu wa gumbaru anasema si dhambi, wengi waliojifunza kusoma ukubwani wako hivyo. Wakumbuka siku ile ulipoweka meza yako kwenye mkutano wa kanisa pale Malindi? Uliniuliza, "Mama, unamnunulia mjukuu?" Nikakwambia najinunulia mwenyewe. Ukaona haya mpaka ukanipunguzia bei. Nikakupenda pale pale.

Lakini nikwambie ukweli. Kitabu chenyewe ni cha uvumilivu. Nyaboke, mwanangu, miaka ishirini na sita nimekwangua chumvi kwenye mabwawa ya huku. Macho yangu haya mekundu ni ya mwanga ule wa chumvi na jua. Mume wangu Ngumbao nimemzika. Uvumilivu ninao wa kugawia mtaa mzima na ukabaki. Nitafutie kitabu cha kunisukuma. Nina miaka sitini na saba na nimejua kusoma juzi tu, sina muda wa kukaa pahali pamoja. Ukinitumia kingine cha uvumilivu nakirudisha, wallahi, hata kama mimi ni Mkristo.

Na usiniambie habari za simu. Joram mwanangu aliniletea ile ya kioo, na kioo hakinijui. Vidole vyangu vimeliwa na chumvi. Nagusa hapa, nagusa pale, kimya. Tena mwalimu ametuagiza tuandike barua ili mkono uzoee. Faiz, dereva wa lori la chumvi, anapita Mtwapa kila wiki. Mpe yeye.

Mama yako,
Easter Ngumbao


Mtwapa
11 Februari 2024

Shikamoo Mama Easter,

Nimecheka peke yangu dukani mpaka jirani wa duka la simu akaja kuchungulia. Basi, uvumilivu tumeuweka kando.

Nina vitabu vitatu ambavyo ningempa mtu anayetaka kukua kiroho, sio kukaa. Cha kwanza ni *Kisima Nyuma ya Nyumba*, cha mtu anayejifunza kuomba mahali asipoonekana. Cha pili ni *Mkono Ulioshika Jembe*, cha kumwona Mungu kazini. Vyote ni vizuri na vyote vinaweza kungoja. Wewe nakupa cha tatu, *Alfajiri kwa Majina*.

Hiki hakisomwi tu, mama, kinafanywa. Unachagua majirani saba na kuandika majina yao kwenye karatasi. Siku arubaini, kila alfajiri, unayataja mbele za Mungu, tena kwa sauti. Chini ya kila siku kuna nafasi ya mstari mmoja, unaandika ulichoomba. Ukurasa wa tisa umeeleza yote. Mimi nilikifanya mwaka juzi, wakati nimegombana na kila mtu hapa, hasa mwenye baa ya nyuma ambaye muziki wake ulikuwa unanifukuzia wateja. Siku ya thelathini nilijikuta nimekaa naye tunakunywa soda. Muziki bado upo, ila siku hizi ananiuliza kwanza.

Kisome kwa sauti yako hiyo hiyo. Mungu si mwalimu wa mtihani.

Binti yako,
Nyaboke


Marereni
10 Machi 2024

Nyaboke mwanangu,

We mtoto umenipa kazi! Leo ni siku ya ishirini na moja na sijaruka hata moja.

Kitabu kinasema majirani saba. Mimi nimeandika kumi na mmoja, saba hawakunitosha. Nimeyaandika kwa kalamu nyekundu, ndiyo iliyokuwapo. Saa kumi na moja alfajiri natoka kibarazani, natia miwani, nashika karatasi yangu na kitabu changu, naanza kutaja mmoja mmoja. Wa kwanza ni Linet. Nimemweka wa kwanza makusudi, kwa kuwa kitabu kinasema anza na yule anayekukera. Nyumba yake na yangu zimepakana. Kuku wake walikula mahindi yangu niliyoanika, nami nilipomwambia akanijibu kuku hawajui mpaka. Loo! Siku mbili za kwanza nilimtaja huku meno yameumana. Wa pili ni mumewe, Mwaro. Wa tatu ni mtoto wao Pola, wa miaka mitatu, ambaye namsikia akikohoa. Nimemwandikia mstari wake.

Sasa nikuchekeshe. Tangu nianze kusoma, watu wananiheshimu! Zamani wakipita hapa lazima waingie, waombe maji, wapige porojo mpaka ugali uungue. Sasa wananisalimu wakiwa kule kule njiani, "Shikamoo mama," tena kwa adabu, na mwendo wanaongeza. Watoto nikiwaita wanakimbia. Nadhani ndiyo heshima ya msomi. Mtu ukishika kitabu unakuwa mzito.

Kikiisha hiki nitataka kingine, cha kunifundisha kusema mbele za watu. Sauti yangu nikiwa peke yangu ni kubwa, nikiona watu inakauka.

Mama yako,
Easter Ngumbao


Mtwapa
17 Machi 2024

Shikamoo Mama,

Hongera, hongera sana! Barua yako nimeisoma mara tatu, na mteja mmoja nimemsomea kwa nguvu, akanunua kitabu hicho hicho bila kuuliza bei. Heshima ya msomi! Kwa nini isiwe? Umeifanyia kazi.

Usirudi nyuma. Soma kwa sauti zaidi. Na ukipata nafasi waambie majirani kwamba umewaandika. Mtu akijua jina lake linatajwa mbele za Mungu hutembea wima.

Cha kusema mbele za watu ninacho, *Sauti Isiyotetemeka*, nimekitia humu humu. Faiz nilimtolea chai kwa mazoea, nimesahau amefunga. Alicheka akasema malaika wameandika nia yangu, si chai.

Binti yako,
Nyaboke


Malindi
2 Aprili 2024

Dada Nyaboke,

Hatujuani. Mimi ni Joram, mwana wa pekee wa Easter Ngumbao. Naendesha tuktuk hapa Malindi. Namba yako sina, mama hanipi. Nina anwani tu, nimeinakili kwenye bahasha zako.

Wewe si mtu wa huku, kwa hiyo sikulaumu sana. Nakulaumu kidogo. Acha nikueleze umemweka mama yangu katika hali gani.

Huku kwetu mtu mzee mwenye mvi na macho mekundu anatazamwa kwa jicho la pembeni hata akiwa amekaa kimya. Wazee wameuawa, Dada. Kuna wanaopaka nywele piko zionekane nyeusi wapate kuishi. Tena kuna waganga wa kitabu. Hao hawapigi ngoma wala hawachimbi mizizi. Wanafungua kitabu, wanasoma kwa sauti ya chini, wanataja jina la mtu, na watu wanaamini yule aliyetajwa yatamfika. Sasa wewe ukamwambia mama yangu, ajuza wa mvi na macho mekundu, akae nje alfajiri, afungue kitabu, ataje majirani zake mmoja mmoja. Dada!

Ile heshima ya msomi anayojivunia ni woga. Watu wanamkimbia.

Upepo ulipeperusha karatasi yake ikaangukia uwanja wa Linet. Linet hajui kusoma, akampa mumewe. Mwaro akakuta majina kumi na moja kwa wino mwekundu, lake limo, la mkewe limo, la Pola limo. Siku ya nne Pola akashikwa na degedege. Hapo kijiji kikawaka. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu mtu au watu walirusha mawe juu ya bati la mama. Nilikwenda Jumamosi nikamweleza yote, yeye alikuwa anadhani karatasi ameipoteza tu.

Nilimpelekea piko, akalitupa chooni. Nikamwambia aje akae kwangu, akasema mji wa baba yako hauachwi. Naibu wa chifu ameitisha baraza Jumamosi tarehe 13, uwanja wa shule. Wakisema ni mchawi, ataambiwa ahame. Hiyo ndiyo afadhali. Isiyo afadhali sitaki kuiandika.

Anakusikia wewe kuliko anavyonisikia mimi. Mwandikie achome karatasi na vitabu vyote, aje Malindi kabla ya siku hiyo. Nakuomba.

Joram


Mtwapa
4 Aprili 2024

Mama yangu,

Joram ameniandikia. Usimkasirikie, amefanya hivyo kwa kukupenda.

Nilikwambia soma kwa sauti zaidi. Nilikwambia waambie umewaandika. Nilikaa hapa nikasherehekea wewe kukimbiwa na watu.

Na sina udhuru wa ugeni. Kwetu Kisii nilikuwa na miaka tisa walipomjia bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa akitupa ndizi tukitoka shule. Nyumba yake iliungua na yeye hakutoka. Nilikuja pwani nikajiambia mambo hayo nimeyaacha kule milimani. Nilipaswa kukuuliza kwanza watu wa kwenu wanaonaje kitabu mkononi mwa mtu mzima. Sikuuliza.

Mama, vitabu vitachapishwa vingine. Wewe huchapishwi tena. Vichome, na karatasi pia kama umeandika nyingine. Nenda Malindi. Nitakutumia vingine huko huko, vyote, bure.

Nisamehe.

Nyaboke


Marereni
8 Aprili 2024

Nyaboke,

Sikusalimu. Nitakusalimu mwisho nikipoa.

Juzi umenipendekezea kitabu, leo unanipendekezea kiberiti? Ndiyo kazi ya duka lako hiyo?

Nikichoma, nimekiri. Nani achome kitabu cha Mungu ila mwenye kujua kwamba si cha Mungu? Nikikimbilia Malindi watasema mchawi kahama, nyumba ya Ngumbao wataing'oa mlango na bati, na kesho ajuza mwingine akitia miwani afungue kitabu atapigwa mawe kabla hajageuza ukurasa. Darasani kwetu gumbaru tuko wanawake kumi na wanne wenye mvi. Nikimbie niwaachie hilo? Sikimbii.

Kuogopa naogopa, nisikudanganye. Usiku wa mawe nilijificha chini ya kitanda, mimi mtu mzima, nimekumbatia kitabu kifuani. Kulipokucha nikatoka nikamaliza siku ya arubaini. Nililia kwanza, kisha nikataja majina.

Tena kilichoniuma si mawe, ni kile kitoto. Nilipokwenda kumjulia hali, Linet alinifungia mlango usoni. Joram aliporudi kunishawishi, nikamwambia, wewe si unataka kubeba mtu kwenye tuktuk? Usinibebe mimi, mbebe Pola. Linet akakubali kwa kuwa mimi sikupanda. Hospitali Malindi wakasema malaria, wakamtundikia dripu, siku tatu mtoto anaomba uji. Sasa unajua wanasemaje? Eti nimemfungua kwa woga wa baraza! Mtoto akiugua ni mimi, akipona ni mimi. Ningekuwa na nguvu hizo mgongo wangu ungekuwa unauma?

Basi nisikilize. Huruma yako iweke. Fanya kazi yako. Mtu anayekwenda kusimama mbele ya watu mia mbili wanaomdhania mchawi asome nini? Nipendekezee, na kifike kabla ya Jumamosi saa nne.

Haya, hujambo. Nimepoa kidogo.

Easter Ngumbao


Mtwapa
10 Aprili 2024

Shikamoo Mama,

Nimepekua rafu zangu zote, juu mpaka chini. Unachotaka hakimo. Hakuna aliyekiandika.

Kwa hiyo nakutumia kile kile, *Alfajiri kwa Majina*, nakala kumi, ndizo zote nilizobaki nazo. Wagawie pale pale barazani. Kitabu cha uganga hufichwa, mama. Sijapata kusikia mganga anayegawa nakala kumi. Wafungue ukurasa wa tisa, wasome wenyewe.

Na wewe kuna maneno yaliyo bora kuliko yote niliyo nayo humu dukani. Ni ile mistari uliyoiandika kwa mkono wako chini ya kila siku. Soma hiyo. Sijui umeandika nini, lakini nakujua wewe.

Leo ni Idi na Faiz yuko na watoto wake. Nimempigia kwa aibu. Amesema kesho mapema yuko njiani, na mama huyo asipate wasiwasi.

Kiberiti nimekitupa. Naogopa bado, lakini niko upande wako.

Nyaboke


Malindi
14 Aprili 2024

Dada Nyaboke,

Nilikuandikia vibaya mara ya kwanza. Leo nakuandikia tena na mkono wangu unacheka wenyewe.

Watu walijaa uwanja wa shule kuliko siku ya kura. Mama alikuja kichwa wazi, leso ameifunga kiunoni, mvi zake zote nje. Nilimwambia ajifunike, akanambia, "Nizifiche kwa nini?" Nami nilikuwa na boksi lako begani, nimepanga moyoni mambo yakiharibika namtia kwenye tuktuk na tunaondoka kwa kasi.

Linet alisimama kwanza, Pola mgongoni. Akainua ile karatasi nyekundu juu watu waione. Hakupiga kelele. Alimuuliza mama tu, "Ulitaka nini na mwanangu?" Uwanja mzima ukanguruma. Mzee Fondo, ambaye wiki mbili alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kusema mama ahamishwe, akapaza sauti, "Jibu!"

Mama alinipungia mkono nilete boksi. Akagawa vitabu kumi, kimoja kwa naibu wa chifu, kimoja kwa Mwaro, kimoja kwa Mzee Fondo, na hivyo hivyo. Wengine walivishika kwa ncha za vidole. Naibu wa chifu akamwamuru Mwaro asome ukurasa wa tisa. Mwaro akasoma, sauti inashuka kila mstari: chagua majirani saba, andika majina yao, anza na yule anayekukera, yataje mbele za Mungu kila alfajiri kwa sauti, andika mstari mmoja wa ulichowaombea.

Kisha mtu nyuma akasema, "Sawa, kitabu kinasema kuombea. Yeye aliomba nini?"

"Hilo ndilo nililokuja kuwasomea," mama akasema.

Dada, alisoma siku zote arubaini. Kwa kidole, neno kwa neno, kama anavyosoma kibarazani. Ilichukua karibu saa nzima na hakuna aliyeondoka. Sikujua mama yangu ameandika mambo hayo. Nakupa machache ninayoyakumbuka.

"Siku ya kwanza. Linet. Sina la kumwombea, kuku wake wamekula mahindi yangu. Bwana nitafutie la kumwombea."

"Siku ya nne. Mwaro. Apunguze kunywa mnazi. Najua si kazi yangu, lakini apunguze." Hapo watu wakaangua kicheko, na Mwaro mwenyewe akacheka akashika kichwa.

"Siku ya kumi. Linet. Leo nimemwona akichota maji mara tano na mtoto mgongoni. Mpe haja ya moyo wake, hata kama haja yenyewe ni mahindi yangu."

"Siku ya kumi na tisa. Pola. Anakohoa, namsikia kutoka hapa. Mpe pumzi. Kama huna nyingine chukua yangu, mimi nimepumua ya kutosha."

Linet alikuwa amesimama. Aliposikia hiyo akakaa chini, pale pale mchangani.

Kisha ikaja ya arubaini, ya ile alfajiri baada ya mawe. Mama aliweka kidole kwenye mstari, akasoma: "Waliorusha mawe siwajui majina. Wewe unawajua. Nawataja wote." Niliwaona watu wazima wawili wakitazama viatu vyao. Nami nililia mbele za watu, mwanaume mzima, na sikujifuta.

Unajua nani aliyesema wa kwanza? Mzee Fondo! Alisimama na kitabu chake kwapani, amekasirika kwelikweli. "Easter! Siku arubaini zote hizo, mimi mbona sikutajwa? Tumejuana miaka mingapi? Umewaandika watu kumi na mmoja, mimi ukaniruka?" Wanawake wakaanza, "Na mimi je? Na mama yangu je, miguu inamvimba?" Watu waliokuja wakitetemeka kwa kuandikwa, sasa wanateta kwa kutoandikwa! Naibu wa chifu alijaribu kupiga meza, hakuna aliyemsikia.

Mama akawapigia kelele wapange foleni. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Linet alikuja wa mwisho. Alimrudishia karatasi, akasema, "Mama, nisamehe. Nisomee tena ile ya siku ya kumi." Mama akamsomea, akambeba Pola, na vigelegele vikapigwa mpaka barabara kuu. Naibu wa chifu akafunga baraza kwa maneno machache: hapa hakuna mchawi, hapa kuna mama anayejua kusoma, na atakayegusa bati lake atajibu kwake yeye.

Nilitaka achome vitabu. Nashukuru mama yangu ni mbishi. Kama una kitabu cha mtu aliyemwogopea mamake badala ya kumwamini, niwekee. Nitakuja kukichukua mwenyewe, na pesa nitalipa.

Ndugu yako,
Joram Ngumbao


Marereni
12 Mei 2024

Nyaboke binti yangu,

Nakusalimu mwanzo, kati na mwisho, usije ukasema nina kinyongo.

Joram amekwisha kukuhadithia, na najua ameongeza chumvi. Yeye mwenyewe alilia zaidi ya alivyokwambia. Mimi nitakupa yaliyofuata.

Kwanza, nakala kumi hazijarudi hata moja. Usizingoje. Pili, naagiza nyingine ishirini, na sasa ni mimi ninayependekeza, wewe andika tu. Mzee Fondo mpe *Kisima Nyuma ya Nyumba*. Anaomba kwa makelele ili mtaa ujue yupo, ajifunze pasipoonekana. Mwaro mpe *Mkono Ulioshika Jembe*, mnazi ameupunguza na shamba bado lina magugu. Wenzangu wa gumbaru wote kumi na watatu wanataka *Alfajiri kwa Majina*, cha herufi kubwa kama kipo. Walikuwa wanaficha madaftari yao chini ya khanga wakitoka darasani, Nyaboke! Mimi sikujua. Sasa wanayabeba kichwani waziwazi, wanapita nayo sokoni.

Kile cha uvumilivu nilichokulalamikia nimempa naibu wa chifu. Ana kazi ngumu yule.

Faiz alisimama hapa juzi akaniambia na yeye baada ya sala ya alfajiri huwataja wazazi wake kwa majina. Tukaafikiana kwamba saa hiyo Mungu ana kazi nyingi. Nimempa embe za watoto wake.

Linet ameingia gumbaru, mwezi mmoja sasa. Ni mwepesi kuliko nilivyokuwa mimi, na hilo linaniuma kidogo, nimeliandika kwenye mistari yangu niombe radhi. Kuku wake bado hawajui mpaka.

Majina yamefika sitini na mbili. Nimeyagawa kwa siku, siwezi yote kwa asubuhi moja, ugali wa watu utakuwa lini? Lakini majirani hawa kumi na mmoja nawataja kila siku bila kukosa.

Isipokuwa jana. Mvua ilinyesha usiku kucha, mgongo ukanibana, nikapitiwa na usingizi. Jua lilikuwa limekwisha kutoka niliposikia mlango unagongwa kwa nguvu. Nilishtuka, sikufichi. Moyo bado haujazoea. Nikakaa kitandani nikasikiliza, kisha nikaenda nikafungua.

Ni Linet, Pola mkononi, uso umekunjamana kwa wasiwasi. "Mama, kuna nini? Mbona kimya leo? Tumekaa nje tangu alfajiri, mimi na Mwaro, tunangoja. Hatujasikia jina hata moja."

Nikatia miwani, nikatoka, nikaanza na lake.

Mama yako,
Easter Ngumbao